Mdudu wa Uchuro na Paa la Westminster

Usiku ule bibi yangu alipokuwa akikata roho, kule Tanga, tulikuwa watu saba chumbani na hakuna aliyezungumza. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hata feni haikuzunguka. Mara mama mkubwa akainua kidole. "Mnasikia?" Tukasikiliza. Darini, ndani ya boriti, kulikuwa na sauti ndogo na kavu, kama mtu anayekwaruza ubao kwa ukucha. Inasita, inaendelea. Mama mkubwa akasema polepole, "Huo ni uchuro." Mjomba, ambaye ni fundi seremala, akajibu bila kugeuza kichwa, "Dada, hao ni fukusi. Wamo humo tangu mwaka juzi."

Bibi alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Sauti ile haikukoma. Wiki nzima ya matanga iliendelea vilevile, ila nyumba ilikuwa imejaa watu na kelele, na hakuna aliyeisikia tena.

Nimelikumbuka tukio hilo mwaka huu nikiwa nasoma habari za mdudu mwingine kabisa, wa mbali, ambaye kwa karne kadhaa aliwatisha Waingereza kwa namna ileile. Wao walimpa jina ambalo kwa Kiswahili naweza kulisema "mkesha-mauti", yaani anayekesha pamoja na mgonjwa akingoja afe. Jina lake la kisayansi ni Xestobium rufovillosum. Ni mbawakawa mdogo, wa milimita saba hivi, rangi ya kahawia iliyokoza, mwenye vibaka vya manyoya ya njano mgongoni. Ukimwona mezani unaweza kumfuta pamoja na makombo ya mkate usijue umemfuta nani. Lakini mdudu huyu ameingia katika historia ya fasihi, ya tiba, ya Bunge la Uingereza na hata ya biashara ya sumu. Hebu tumfuate.

Maisha yake karibu yote hayaonekani. Buu lake huishi ndani ya mbao ngumu, hasa mwaloni, na si mwaloni wowote tu, bali ule uliokwisha kulainishwa na kuvu, yaani mbao iliyoanza kuoza. Humo gizani hula na kuchimba vijia kwa miaka kadhaa; pakiwa na chakula hafifu na baridi, inaweza kufika miaka kumi au zaidi. Kisha hugeuka mbawakawa kamili, na majira ya kuchipua yanapofika, kuanzia Aprili hivi, hutoka kwa kutoboa tundu la milimita tatu. Akishatoka hali tena. Amebakiwa na wiki chache tu, na kazi moja: kumpata mwenzake.

Namna yake ya kumtafuta ndiyo iliyomtia matatani. Haimbi kama nyenje wala hawaki kama kimulimuli. Hujikaza kwa miguu yake na kugonga kichwa kwenye ubao, mara kadhaa kwa haraka, kisha husubiri. Kama kuna jike karibu, naye hugonga. Dume husogea kidogo, hugonga tena, husikiliza. Wanaendelea hivyo mpaka wakutane. Ukigonga meza kwa ncha ya penseli kwa mwendo unaofanana na wake, mdudu huyu anaweza kukujibu. Yaani ile sauti iliyowafanya watu wavute shuka mpaka usoni ilikuwa posa.

Sasa fikiria nyumba ya Kiingereza ya karne ya 17. Mihimili ni ya mwaloni, kuta zina unyevu, na mgonjwa amelala. Ndugu wanakesha na mshumaa mmoja. Hakuna mashine, hakuna gari, hakuna hata saa ya ukutani katika nyumba nyingi. Halafu ukutani: tk-tk-tk-tk-tk. Kimya. Tk-tk-tk-tk-tk. Mgonjwa akifa siku mbili baadaye, kila mtu atakumbuka. Akipona, nani atasimulia?

Hapo mwanzoni nilidhani kwamba watu waliogopa kwa sababu hawakujua. Kumbe sivyo. Mwaka 1646 daktari mmoja wa mji wa Norwich, Thomas Browne, alichapisha kitabu kikubwa cha kusahihisha imani zisizo na msingi, na humo ndani akamtaja mdudu huyu. Aliwakamata, akawaweka kwenye visanduku vyembamba, akawasikia na kuwaona wakigonga. Alikosea kidogo kuhusu kiungo wanachotumia kugongea, lakini jambo kuu alilipata: ni mdudu, si mjumbe wa mauti. Aliandika pia, kwa huruma fulani, kwamba mtu akiweza kuiondoa hofu hii atawaepusha bibi na yaya wengi na majasho ya baridi.

Baada yake wakaja wengine. Mwaka 1698 Benjamin Allen alipeleka maelezo ya mbawakawa huyu katika jarida la Royal Society ya London. Mwaka 1701 padri mmoja wa kijijini, William Derham, naye akaandika kuhusu mgongaji. Baadaye ikaeleweka kwamba wa kwake alikuwa mdudu mwingine mdogo zaidi na laini, chawa wa vitabu, ambaye naye hutoa sauti inayofanana. Huyu Derham ndiye aliyekuja kupima mwendo wa sauti kwa kutumia milio ya bunduki na minara ya makanisa. Alikuwa mtu wa kusikiliza vizuri.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo, umechapishwa, na wasomi walikuwa nao. Lakini mwaka 1843, karibu miaka 200 baada ya Browne, Edgar Allan Poe wa Marekani alipoandika hadithi yake ya moyo unaodunda chini ya sakafu, alimtaja mgongaji wa ukutani akijua wasomaji wake wataelewa mara moja. Mwaka 1876 Mark Twain naye akamweka kwenye ukuta karibu na kitanda cha Tom Sawyer, na kijana akatetemeka, maana siku za mtu fulani zilikuwa zimehesabiwa. Vitabu havikuwa vimeiua hofu.

Nadhani sababu ni ile niliyoiona Tanga. Mdudu alikuwa anagonga kila mwaka, watu wakicheka, wakigombana, wakipika. Alisikika tu pale nyumba iliponyamaza, na nyumba hunyamaza namna ile panapokuwa na mtu anayekufa. Kwa hiyo waliosema "tumemsikia, na mtu akafa" hawakusema uongo. Walichokosa ni kuhesabu zile nyakati ambazo alikuwepo na wao hawakusikiliza. Sisi tulio na bundi wetu tusiwacheke.

Mpaka hapa hii ni hadithi ya hofu tu. Mdudu hakuwa amemdhuru mtu. Lakini kulikuwa na kitu ambacho kweli alikuwa anakila.

Jijini London, ndani ya eneo la Bunge, kuna jengo liitwalo Westminster Hall. Lilijengwa na mfalme William II mwishoni mwa karne ya 11 na kumalizika mwaka 1099. Lina urefu wa mita 73 na upana wa zaidi ya mita 20. Miaka ya 1390 mfalme Richard II aliamua kuliwekea paa jipya, na kazi ya mbao akapewa seremala mkuu Hugh Herland. Mbao za mwaloni zilichongwa mji wa Farnham, nje ya London, kisha zikasafirishwa na kuunganishwa pale juu. Fundi yeyote wa kenchi anajua ugumu wa kuvuka mita 20 kwa mbao bila nguzo hata moja katikati. Herland alifanya hivyo kwa kutoa mihimili mifupi kutoka kutani, kama mikono iliyonyooshwa, akaipandisha tao juu yake, na kwenye ncha za mikono hiyo wakachongwa malaika. Uzito wa mbao zile ni zaidi ya tani 600.

Chini ya paa hilo alihukumiwa Thomas More mwaka 1535. Guy Fawkes, aliyetaka kulipua Bunge, alihukumiwa hapo mwaka 1606. Mwaka 1649 mfalme mwenyewe, Charles I, alisimamishwa hapo mbele ya mahakama na kuhukumiwa kifo. Mwaka 1834 moto uliteketeza karibu jumba lote la Westminster, lakini ukumbi ukaokolewa. Watu walizoea kuamini kwamba paa lile halina wa kulishinda.

Kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Frank Baines, msanifu wa ofisi ya serikali iliyosimamia majengo ya umma, aliwapandisha watu wake juu kulikagua. Ripoti yake ilitoka mwaka 1914. Waliyoyakuta huko si mchezo. Mbao ambazo kwa chini zilionekana nzima, kwa ndani zilikuwa zimekuwa mapango. Viungo vya kenchi vilikuwa vimeliwa, na baadhi ya mihimili mikubwa ilibaki ganda na unga. Karne baada ya karne, juu ya vichwa vya majaji na wafalme, mabuu ya milimita chache yalikuwa yakitafuna kimyakimya.

Palikuwa na maswali mawili. La kwanza: utalishikiliaje paa lisianguke? Baines alilijibu kwa chuma. Hakutaka kubomoa kazi ya Herland na kuweka nakala mpya, kwa hiyo alisuka mifupa ya chuma cha pua ndani ya mbao za zamani na nyuma yake, mahali ambapo mtazamaji wa chini haioni. Kazi ilianza 1914, ikapita kwenye vita, ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mpaka leo unapotazama paa lile unaona mwaloni wa Richard II, lakini chuma cha Baines ndicho kinachosaidia kubeba mzigo.

Swali la pili: utamuuaje mdudu aliye ndani ya ubao mnene? Hapo akaitwa Harold Maxwell-Lefroy, profesa wa elimu ya wadudu katika chuo cha Imperial College. Alikuwa mtu aliyewajua wadudu waharibifu kwa kuishi nao. Alifanya kazi miaka mingi nchini India kama mtaalamu wa wadudu wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1909 akatoa kitabu kikubwa kuhusu wadudu wa nchi ile. Kwa ajili ya Westminster alichanganya dawa ya majimaji ya kupulizia mbao. Habari zikaenea. Wenye makanisa na nyumba za kale zenye matundu kama yale wakaanza kumwandikia wakiomba chupa. Akaona hapo pana biashara. Mwaka 1925, pamoja na msaidizi wake Elizabeth Eades, wakafungua kampuni. Jina walilolitaka kwanza halikuweza kusajiliwa, basi wakaliongezea herufi, likawa Rentokil. Ndiyo, ni hiyohiyo ambayo leo jina lake linaonekana kwenye majengo ya ofisi sehemu nyingi za dunia.

Maxwell-Lefroy hakuiona ikikua. Oktoba mwaka uleule wa 1925 alikuwa maabara akijaribu gesi ya kuua nzi. Alikutwa ameanguka, hana fahamu. Baada ya siku chache alifariki, akiwa na umri wa miaka 48. Kampuni akabaki nayo Bi Eades, akaiendesha. Kila nikifika hapa kwenye kisa hiki nasimama kidogo. Kwa karne zote zile za kumhofia mgongaji, hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya kumsikia. Huyu bwana alikufa kwa ajili ya kutafuta namna ya kuwamaliza wadudu.

Miaka ya 1930 mtafiti R. C. Fisher, aliyefanya kazi katika maabara ya serikali ya mazao ya misitu huko Princes Risborough, alianza kumchunguza mkesha-mauti kwa subira ambayo inamfaa mdudu wa miaka kumi. Alionyesha kwa majaribio jambo ambalo mafundi wengine walilihisi: ukuaji wa buu unategemea sana kuvu. Kwenye mwaloni mkavu usio na kuvu, anadumaa. Kwenye mwaloni uliooza kidogo, ananawiri na kukua haraka. Na kuvu haioti bila maji. Kwa hiyo ukimkuta mdudu huyu kwa wingi kwenye paa, swali la kwanza linapaswa kuwa: maji yanaingilia wapi? Penye mfereji ulioziba, penye mwisho wa mhimili uliochimbiwa kwenye ukuta wenye unyevu, penye kigae kilichopasuka, hapo ndipo mdudu yupo. Yeye ni mgeni aliyealikwa. Mwenyeji ni uvujaji.

Ungedhani baada ya hapo watu wangeanza na ngazi na vigae. Wengine walifanya hivyo. Lakini baada ya Vita vya Pili zilikuja sumu mpya zenye nguvu, kama dieldrini na lindani, na kwa miongo kadhaa mapaa ya kale ya Uingereza yalipuliziwa kila mahali. Tatizo ni kwamba sumu ya juujuu haimfikii buu aliye kina ndani ya ubao mnene. Inawafikia wengine. Inawafikia buibui, ambao huwanasa mbawakawa wanapotoka. Inamfikia mbawakawa wa rangi ya buluu aitwaye Korynetes caeruleus, ambaye mabuu yake huingia kwenye vijia na kuwala mabuu ya mkesha-mauti. Inawafikia popo wanaolala kwenye mapaa hayo, na popo wengi walikufa. Siku hizi wahifadhi wa majengo wengi husema: kausha kwanza, ruhusu hewa ipite, ndipo uangalie kama bado unahitaji dawa.

Somo hili sisi tulifundishwa kwa njia nyingine, na kwa njaa. Mwaka 1981 iliripotiwa kutoka Tabora kwamba mahindi ghalani yanageuka unga kabla hayajafika kinuni. Aliyefanya hivyo ni dumuzi, Prostephanus truncatus, mbawakawa mdogo zaidi hata ya mkesha-mauti, aliyetoka Meksiko na Amerika ya Kati. Wakulima walimpa jina la Scania, kama malori makubwa ya mizigo, kwa jinsi alivyokuwa anasomba. Wataalamu wa ukoo wa wadudu wanaziweka familia za hawa wawili kwenye kundi moja kubwa. Na dumuzi naye asili yake ni mbao: huweza kuishi na kuzaliana kwenye miti mikavu porini, ndiyo maana kusafisha ghala peke yake hakukumaliza kazi. Hapa pia watu hatimaye walimtafuta adui yake wa nyumbani kwao, mbawakawa mwingine mdogo mweusi, aliyeachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Alisaidia mahali pengine zaidi ya pengine.

Nirudi Tanga, nimalizie. Baada ya arobaini ya bibi tulikaa kikao cha familia kuhusu nyumba. Mjomba alisema bati la upande wa kaskazini limetoboka, maji yanashuka kwenye boriti, na boriti zinaoza ndiyo maana zinabunguliwa. Alitaka fedha za mabati na ngazi. Sisi vijana wa mjini tulisema tatizo ni wadudu, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi. Mchango ukanunua dawa. Tukapulizia, tukapiga picha, tukaondoka. Masika yaliyofuata kipande cha dari kilishuka juu ya kitanda alichofia bibi. Kwa bahati njema hakuna aliyekuwa amelala hapo.

Mjomba alinipigia simu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nimeipasua ile boriti. Ndani ni mbichi kama sponji."

Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu ya moto juu ya Westminster. Ukumbi wa Wabunge uliwaka na lile paa la Herland likashika moto, na maji ya kuzimia hayakutosha kote. Mbunge Walter Elliot alikuwepo, akashauri wazima moto waachane na ukumbi wa Wabunge na waokoe paa la mwaloni. Inasemekana yeye mwenyewe alishika shoka kuvunja mlango ili mipira ya maji ipite. Ukumbi wa Wabunge uliteketea, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1950. Paa likabaki. Lipo mpaka leo, na wanaolitunza bado hupanda juu kulikagua, kutafuta matundu mapya ya milimita tatu, na kutafuta maji.

Nyumba ya bibi nayo ipo. Mjomba aliweka bati jipya kwa fedha zake kabla sijamrudishia. Mara ya mwisho nilipolala huko nilikaa macho mpaka saa nane usiku, nikisikiliza. Nilisikia mvua juu ya bati. Darini palikuwa kimya, na pakavu.